Ukitaka Maana ya Msemo, Anza na Mnyama

Watu wengi wakitaka kujua maana ya msemo huenda kwenye kamusi au kwa mwalimu wa Kiswahili. Si vibaya. Lakini kamusi hukupa maana tu, haikwambii nani aliona nini, wapi, mpaka maneno yale yakamtoka. Mimi ni afisa mifugo. Nilisomea Buhuri, Tanga, na kazi imenizungusha Muheza, Pangani na Handeni, nikichanja kuku, nikisimamia majosho na kutibu punda wa watu. Huko mazizini na vibandani ndiko nilikoona kwamba misemo yetu ya wanyama ilitungwa na watu waliokuwa wakiwatazama wanyama kwa makini kuliko tunavyowatazama sisi. Ninachoeleza hapa ndiyo njia ninayowapa vijana wa shule wanaonijia na daftari kuniuliza maana za methali. Ni rahisi, ila inataka subira.

Kwanza, mtafute mnyama mwenyewe, na uulize alikuwa akifanya nini au akifanyiwa nini.

Chukua "kuku mgeni hakosi kamba mguuni". Kuku akinunuliwa gulioni, au akitolewa zawadi ukweni, hafunguliwi siku hiyo hiyo. Hufungwa mguu mmoja kwa kamba ya katani au utepe wa khanga iliyochakaa, na ncha ya pili ikafungwa kwenye nguzo ya banda au mguu wa kitanda. Pale pale anawekewa pumba na maji. Siku chache zikipita ameshajua kwamba hapa ndipo penye chakula, kuku wenyeji wameshamaliza kumdonoa, kamba inafunguliwa na haendi popote. Asiyefungwa hutoroka, akashika njia ya alikotoka, na huko porini akaliwa na kicheche.

Sasa tazama kilichomo ndani ya tendo hilo. Kuku hafungwi kwa kuchukiwa. Anafungwa kwa sababu mwenye nyumba anataka akae. Bibi mmoja wa Pangani, nilipomwona anamfunga tetea na nikamuuliza, aliniambia, "Kamba hii si ya kumtesa, dokta. Ni ya kumjulisha nyumba." Ukishaelewa hivyo, utaona jinsi msemo huu unavyotumiwa vibaya. Nimesikia ukiambiwa kijana aliyeanza kazi wiki hiyo, anatumwa hovyo na kunyimwa nafasi ya kula, wakubwa wanacheka, "kuku mgeni". Hapana. Msemo unamwambia mgeni avumilie vizuizi vya mwanzo mpaka azoeleke, na unamkumbusha mwenyeji kwamba kamba huambatana na pumba na maji, tena ina siku ya kufunguliwa. Kuku mgeni akifungwa mahali pa peke yake, nyumba nzima inapata faida: ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri, mara nyingi huingia kijijini kwa miguu ya kuku aliyenunuliwa juzi. Sisi tunashauri atengwe wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Kwa njia hiyo hiyo, "ng'ombe haelemewi na nunduye" huwezi kuufahamu vizuri mpaka umpapase zebu. Ng'ombe wetu wengi wa asili ni hao, wafupi, pembe fupi, nundu juu ya mabega. Nundu ile ni nyama na mafuta, imeota mwilini, haikubebeshwa na mtu. Mtoto aliyekulia kwenye banda la ng'ombe wa kisasa wa maziwa, ambao mgongo wao umenyooka, anaweza kuusoma msemo huu asijue unazungumzia nini. Huambiwa mzazi anayelea mtoto mgonjwa au mlemavu, ama yeye mwenyewe huusema anapoambiwa pole kupita kiasi: huyu ni wangu, hanilemei. Ni miongoni mwa misemo ninayoipenda kuliko yote, na inasikitisha kuona inapotea. "Ndovu hashindwi na pembe zake" hukaa karibu nao, ingawa ule wa ndovu huelemea zaidi kwenye majukumu ya mkubwa kuliko upole wa mzazi.

"Samaki mkunje angali mbichi" nenda nao sokoni. Mtazame kambale wa kukaushwa, yule ambaye mkia wake umeletwa mpaka mdomoni. Alikunjwa kabla ya kuwekwa juu ya moshi. Jaribu kumkunja sasa, anavunjika. Mtoto akiushika msemo huu akiwa na samaki mkononi hausahau.

"Njia za panya" nao ni wepesi kuuona ukiwa na tochi. Panya hapiti katikati ya chumba. Hufuata ukuta, usiku hadi usiku, njia ile ile, mpaka pembeni panafanya alama nyeusi ya mafuta ya manyoya yake, na ndiyo maana mtego huwekwa ukutani. Watu wa mipakani, Tarakea au Tunduma, wanaposema mzigo umepita njia za panya, wanasema hivyo hasa: njia ya pembeni, ya usiku, isiyopita mbele ya mwenye nyumba, na inayojulikana kwa waliozoea kuipita.

Wakati mwingine ni lazima ujue ni mnyama yupi hasa. "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake" husemwa kumsifu mtu aliyeondoka kwenye hatari mapema. Kijana wa Dar es Salaam au Tanga akisikia kunguru, anamwona yule mwembamba mwenye shingo ya kijivu anayepora vitumbua kwenye sinia. Huyo ni mgeni: aliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka za mji, akazaliana na kuvuka bahari. Kunguru wetu wa asili ni yule mkubwa mwenye kifua cheupe, na huyo ndiye ukimwinamia tu kama unaokota jiwe, ameshapaa. Ukimtazama huyo, neno "mwoga" unalielewa vingine. Haogopi kwa udhaifu, bali anasoma mkono wa mtu kabla haujainuka.

Hatua ya pili ni kuangalia msemo unavyobadilika zama zikibadilika, kwa sababu mnyama mmoja huweza kubebeshwa kazi mpya. Hapa nitakaa kidogo maana ni eneo langu.

Kupe. Kila mfugaji anamjua kupe wa masikio, yule wa kahawia anayeleta ndigana kali. Hujishikiza ndani ya sikio la ng'ombe, ananyonya siku kadhaa, akishiba anaachia na kudondoka mwenyewe majanini. Yeye ameondoka na damu, ng'ombe amebaki na homa na tezi zilizovimba, na ndama asipotibiwa mapema mara nyingi hufa. Enzi za Ujamaa, baada ya Azimio la Arusha la 1967, mtu anayeishi kwa jasho la wenzake aliitwa kupe, kwenye mikutano na kwenye katuni za magazeti, pamoja na maneno kama mnyonyaji na mirija. Waliolichagua neno hilo walikuwa wakizungumza na nchi ya wakulima na wafugaji. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mchungaji wa Handeni alilisikia akajua kwamba anaambiwa habari ya mtu anayekula, anashiba, anaondoka, na ugonjwa unabaki kwa aliyeliwa.

Siku hizi mjini huwasikii sana wakisema kupe. Wanasema chawa. Chawa ni mtu anayemganda tajiri, msanii au mwanasiasa, anamsifu asubuhi na jioni ili apate chochote, na wapo wanaojiita hivyo wenyewe kwa majigambo. Angalia tofauti ya wadudu wenyewe. Kupe hutoka majanini, anadandia, anaondoka. Chawa wa mwilini hana kwingine pa kwenda. Anaishi kwenye nguo, mayai anayagandisha kwenye mishono, na huja kwenye ngozi wakati wa kula tu. Ndiyo maana dawa yake ya kale ilikuwa kuchemsha nguo. Na ndiyo maana wahenga walisema "kikulacho ki nguoni mwako", hawakusema ki mwilini mwako. Ni maneno ya mtu aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akipekua mishono ya shuka. Kwa hiyo ukitaka kumwonya rafiki juu ya ndugu anayemwibia dukani, "kikulacho" ndio msemo wake, maana unazungumzia adui wa karibu. Ukimwita ndugu yule kupe, umetaja unyonyaji lakini umeacha ukaribu. Ukimwita chawa, leo watu watadhani unasema anamsifu mwenye duka. Msemo usiofaa huharibu onyo zima.

Tatu, jiulize kama mnyama huyu anaishi kwetu, na kama anafanya huku kwetu kile msemo unachosema. Jibu likiwa hapana, jua msemo umesafiri, na ukafuatilie njia yake.

"Mbwa mwitu aliyevaa ngozi ya kondoo" ni mfano mzuri. Umetoka kwenye Injili, Mathayo 7:15, kwenye onyo juu ya manabii wa uongo. Mnyama anayetajwa humo, wa kule Palestina, ambaye Kiingereza humwita wolf, hayupo Afrika Mashariki. Waliotafsiri Biblia walilichukua jina la mbwa mwitu, ambaye kwetu ni yule mwenye mabaka na masikio makubwa ya duara, anayewinda swala kwa makundi. Wafugaji wengi hawakumjua kama adui wao mkubwa wa usiku. Waliomjua mwizi wa zizi walimjua chui na fisi, na ndiyo sababu utasikia pia "chui aliyevaa ngozi ya kondoo". Hilo si kosa la msemaji. Ni msemo uliofika ukatafutiwa mnyama anayeogopwa hapa.

"Mbuzi wa kafara" nao una mizizi kwenye Mambo ya Walawi 16. Mbuzi walikuwa wawili: mmoja alichinjwa, na yule aliyebebeshwa dhambi za watu alipelekwa nyikani akiwa hai. Sisi tunaposema mtu amefanywa mbuzi wa kafara, wengi huona kisu. Nadhani ni kwa sababu Pwani tulikuwa tayari na kafara zetu, mfano ile desturi ya kumzungusha ng'ombe mji mzima kwa dua kisha kumchinja ili balaa iondoke. Msemo wa Kitabu umekutana na desturi ya mji, na picha ya desturi imeshinda.

"Nani atamfunga paka kengele?" na "sizitaki mbichi hizi" zimetufikia kupitia vitabu vya shule, kutoka hekaya za Ulaya. Hii ya pili ilikuwa ya mbweha na zabibu, ya Aesop, msimuliaji wa hekaya wa Ugiriki ya kale. Huku kwetu mbweha akampisha sungura, maana sisi ujanja tumemkabidhi sungura tangu zamani, na zabibu zikawa matunda ya kwetu.

Machozi ya mamba ndiyo huwachanganya watu, kwa sababu mamba tunaye, Mto Pangani unaye. Hata hivyo hadithi ya mamba anayelia huku akila mtu ilisambazwa na vitabu vya wasafiri wa Ulaya wa zamani za kati. Na machozi yapo kweli. Mamba akikaa nchi kavu muda mrefu macho yake hutoa majimaji ya kuyalainisha. Watafiti wa Florida, katika kazi iliyotolewa mwaka 2007, waliwarekodi jamaa zake wakilishwa nchi kavu, na watano kati ya saba macho yaliwalowa wakati wa kula. Huzuni haimo. Kwa hiyo msemo unasimama imara: maji yanatoka, moyo haumo.

Lakini usidai kila msemo useme kweli kuhusu mnyama. Fisi ameonewa sana na lugha yetu. Tunasema mtu ana tamaa ya fisi, tunamsimulia yule aliyenusa nyama kwenye njia panda, akashindwa kuchagua, akaweka miguu njia hii na miguu njia ile mpaka akapasuka, na hapo ndipo tunapata "njia mbili zilimshinda fisi". Tunamwita mla mizoga. Mtafiti wa wanyama, Hans Kruuk, aliwafuatilia fisi wa Ngorongoro na Serengeti usiku, miaka ya 1960, akakuta Ngorongoro sehemu kubwa ya chakula chao wanakiwinda wenyewe, na mara nyingi ni simba aliyekuja kuwapora. Mchungaji aliyetunga msemo hakuona usiku ule. Aliona alfajiri: simba ameshiba, fisi wanazunguka pembeni. Msemo umehifadhi alichokiona yeye, saa aliyokiona. Ukiufafanua kwa mtoto mwambie yote mawili, maana ya msemo na habari ya mnyama, ili asimchukie mnyama kwa ajili ya methali.

Kwa punda nina neno zaidi. "Fadhila ya punda ni mateke." Nimetibu punda wengi, na nimepigwa mateke. Punda hupiga anapoguswa nyuma asikoona vizuri, au anapokuwa na kidonda chini ya tandiko ambacho mwenyewe hajakishughulikia. Msemo hutumika kwa mtu asiye na shukrani, na maana yake haina utata, itumie. Ninaouogopa ni "punda afe, mzigo ufike". Nasikia wakiusema makocha, wasimamizi wa viwanda, hata wazazi siku ya mtihani, wakiwa na nia ya kutia moyo. Msikilize punda ndani yake. Aliyeutunga alikuwa upande wa mwenye mzigo. Anayeambiwa ndiye punda. Mimi sitamwambia mwanangu hivyo. Na wakati huu ambapo punda wenyewe wamechinjwa kwa wingi kwa ajili ya ngozi zao, mpaka Umoja wa Afrika ukapitisha Februari 2024 kuzuia biashara hiyo kwa miaka 15, msemo huu unaniuma zaidi. Kina mama wa Handeni wanaochota maji mbali wanajua kwamba punda akifa, mzigo haufiki.

Hatua ya nne ni adabu: nani anamwambia nani. Kamusi haiwezi kukusaidia sana hapa. "Nyani haoni kundule" ni msemo sahihi kabisa, na umetokana na jambo linaloonekana kwa kila mtu aliyewahi kukaa kwenye dungu akilinda mahindi: nyani anapogeuka kukimbia, kitu cha mwisho unachokiona ni makalio yake yasiyo na manyoya, naye hayaoni. Anaona ya mwenzake tu. Lakini msemo huu una neno la sehemu za siri. Mwambie rika lako, mtani wako, shemeji mnayetaniana. Usiuseme mbele ya mkweo, na usimwambie mtu mzima anayekurekebisha. Kama unahitaji maana hiyo mbele ya wakubwa, sema "nyani haoni nyuma yake", watakuelewa na watakushukuru. "Siku ya kufa nyani miti yote huteleza" nao usiupeleke msibani. Ni wa mtu aliyezoea kuponyoka akanaswa, na wafiwa watausikia kama hukumu juu ya marehemu wao. "Kesi ya nyani kumpelekea ngedere" umechimbuka dungu lile lile, maana wote wawili ni wezi wa shamba moja. Ukiutamka kwenye baraza la kata ujue umewaita wajumbe wezi.

Misemo mipya nayo iandike. "Kumpigia mbuzi gitaa" si wa wahenga, gitaa lenyewe la juzi, lakini aliyeutunga alimtazama mbuzi vizuri: ukimpigia chochote anakukodolea macho, anatafuna, anaendelea na yake. "Kuuziwa mbuzi kwenye gunia" ni wa mnadani. Nasi maafisa tunasisitiza mnunuzi afungue kinywa cha mbuzi ahesabu meno, ainue mkia aone kama anahara, amtembeze aone kama anachechemea. Gunia linaficha yote matatu. Ukimweleza mtu hivyo, anaelewa kwa nini msemo huu unafaa kwa kiwanja kilichouzwa bila mnunuzi kufika kukiona, na haufai kwa bidhaa iliyoharibika baadaye.

Sasa kazi ya kukusanya. Usimwendee mzee na kumwambia, "Naomba maana ya methali hii." Atakupa jibu la shule, maana naye alisoma. Msalimie, keti, muulize habari za mnyama. "Shikamoo bibi. Zamani kuku mkimnunua mlikuwa mnamfanyaje?" Msemo utakuja wenyewe, na utakuja na kamba yake. Muulize aliusikia kwa nani, na mara ya mwisho alimwambia nani. Katika daftari andika maneno kama alivyoyatamka, hata kama kitabuni ni tofauti: wengine husema "simba mwenda pole", wengine "simba mwenda kimya", na tofauti hiyo ina faida, kwa sababu pole ni mwendo na kimya ni sauti, na simba anayenyatia anavyo vyote viwili. Andika kijiji, kabila la msemaji na kazi yake. Mvuvi na mfugaji hawampi ng'ombe uzito mmoja.

Kisha vuka kijiji. Msemo uliousikia kwa Wazigua uulize kwa Wamaasai wa jirani na kwa watu wa Pangani mjini. Ukikuta mnyama amebadilika lakini jambo ni lile lile, andika wote pembeni kwa pembeni. Ukikuta mnyama yule yule ila maana imegeuka, hapo ulizia zaidi, hasa watu wa makamo, kwa kuwa wao ndio wamesikia matumizi ya zamani na ya sasa. Na kama mnyama bado yupo kijijini, omba uonyeshwe kabla jua halijazama.